Baada ya Neno la Baraka

Yapata mwaka 112 baada ya kuzaliwa Kristo, Plinius, liwali wa Kirumi aliyekuwa akitawala jimbo la Bithinia katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan barua ya kutaka shauri juu ya watu waliokuwa wakiletwa mbele ya baraza lake kwa kosa la kuwa Wakristo. Liwali huyu hakuwa rafiki yao hata kidogo. Waliokataa kuikana imani yao aliamuru wauawe, na ili apate kujua siri za mikutano yao aliwatesa vijakazi wawili waliokuwa na daraja ya utumishi katika jamaa ile. Lakini alichokipata baada ya kuhoji na kutesa kilikuwa haba mno kwa mtu aliyetazamia kufichua fitina: kwamba watu hawa hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kwa kupokezana kama aimbiwavyo Mungu, kisha hujifunga kwa kiapo, wala si kiapo cha kutenda jinai, bali cha kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutoikana amana ya mtu siku mwenyewe ajapo kuitaka.

Katika habari zote za kale juu ya ibada ya Kikristo zilizotoka katika kalamu za watu wasio Wakristo, hii naiona ni nzito kupita nyingine, maana yatuonyesha kwamba wakati ambapo Wakristo hawakuwa na jengo la kanisa, wala kinanda, wala joho, ibada yao ilikwisha kushika pande mbili za maisha: upande mmoja wimbo, na upande wa pili fedha ya jirani iliyowekwa mikononi mwako pasipo shahidi. Ninaandika makala haya kwa Mkristo aendaye kanisani kila juma, na kwa msomaji asiye Mkristo ambaye kila Jumapili asubuhi huwaona jirani zake wakipita mbele ya mlango wake wamevaa nadhifu, vitabu vya nyimbo mikononi, ili kueleza ibada ile hukusudiwa kumfanya mtu awe nani katika siku sita zinazofuata. Naamini kwamba yale yanayotendwa kanisani kwa muda wa saa mbili au tatu ni mwanzo tu wa ibada, na kwamba ukamilifu wake hutafutwa nyuma ya neno la baraka, sokoni, jikoni, ofisini na katika nyumba ya mgonjwa.

Kwanza yafaa kusema kwamba hakuna aliyekua kiroho kwa Jumapili moja. Ziko siku ambazo mahubiri hugusa moyo hata machozi yakatoka, nazo ni siku za neema, lakini aghalabu ibada ni jambo la kurudiwa: sala zile zile, ungamo lile lile, imani ile ile ikikirishwa kwa maneno ambayo mtoto wa miaka minane ameyahifadhi kwa moyo. Vijana wengi hulalamika kuwa marudio haya huwachosha, na malalamiko yao si ya kubezwa. Lakini mtu aliyepata kuchungulia kisima cha kale cha pwani yetu, akaona jinsi kamba ya ndoo ilivyochimba mifereji katika ukingo wa jiwe, atajua kuwa kilichofanya kazi ile hakikuwa nguvu bali kurudia. Tabia ya mwanadamu nayo ni ngumu, na sala iliyosemwa mara elfu hufika mahali ambapo hotuba moja ya ufasaha haifiki.

Katika makanisa yanayofuata liturujia, kama vile ya Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian, ibada haikawii kufika kwenye toba. Mtu ambaye kwa siku sita amekuwa bwana mkubwa kazini, au mama mwenye duka ambaye hakuna athubutuye kumwambia kwamba mizani yake ina hitilafu, hupiga magoti sambamba na kibarua wake, na wote wawili hutamka kwa kauli moja kwamba wamekosa, tena si katika mabaya waliyoyatenda peke yake, bali hata katika mema waliyokuwa na uwezo wa kuyatenda wasiyatende. Sijui baraza jingine katika jamii yetu ambamo tajiri na fukara hukiri makosa kwa sauti moja, pasipo mmoja kumhukumu mwingine. Hatari yake, nayo ni kubwa, ni kwamba ulimi huzoea. Kwa ajili hiyo mapadri na wachungaji wengi huacha kimya kifupi kabla ya maneno ya toba, pengine cha nukta kumi tu, na mimi nathubutu kusema kuwa nukta zile ni katika sehemu zenye thamani kubwa kuliko zote za asubuhi ile. Anayezitumia kufikiri dhambi kwa jumla hatapata kitu. Anayezitumia kumtaja moyoni mtu mmoja kwa jina lake, na jambo moja alilomtendea juzi, atatoka kanisani ana kazi ya kufanya.

Jinsi toba ya namna hiyo inavyoweza kuigeuza nchi, historia ya Afrika ya Mashariki yashuhudia. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini huko Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kusali pamoja, kila mmoja akilalamikia ubaridi wa imani yake mwenyewe. Katika miaka iliyofuata ukatoka Gahini ule mwamko uliokuja kuitwa Uamsho wa Afrika ya Mashariki, ukaenea Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika, pasipo kuanzisha kanisa jipya, kwa kuwa ndugu wa Uamsho walibaki katika makanisa yao wakaketi katika mabenchi yao ya siku zote. Kilichowatofautisha ni kwamba waliungama hadharani, kisha wakaenda kulipa. Aliyeiba jembe alilirudisha. Aliyekuwa na deni alilotaraji lisahauliwe alikwenda mwenyewe kulikumbusha. Waliokuwa wamenuniana kwa miaka walipeana mikono mbele ya watu. Zakayo wa Yeriko, ambaye Injili ya Luka yasimulia jinsi alivyoahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, alipata wanafunzi wengi katika vilima vya Kigezi huko Uganda na mashamba ya migomba ya Bukoba huko Tanganyika.

Katika mwamko huo walilelewa watu ambao baadaye walibeba mizigo mikubwa. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa mtu wa Uamsho tangu ujanani, akawa askofu wa Kilutheri, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Mwaka huo huo, huko Uganda, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari chini ya utawala wa Idi Amin, rafiki yake Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, naye pia mtoto wa Uamsho, alilazimika kuikimbia nchi. Na kitabu alichokiandika uhamishoni kilihusu kumsamehe Idi Amin. Yamkini msomaji ataona kuwa msamaha wa kadiri hiyo si jambo la watu wa kawaida. Lakini ndugu hawa walijifunza kusamehe katika mikutano midogo ya kila juma, wakisameheana maneno makali, wivu na madeni ya kuku na mbuzi, kabla ya kutakiwa kusamehe damu.

Nije sasa kwenye sadaka, ambayo watu wengi huisema kwa uchungu, wengine kwa sababu za haki. Asili yake ni ya kale kuliko malalamiko yetu. Mtume Paulo aliwaagiza Wakristo wa Korintho kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili wasaidiwe maskini wa Yerusalemu. Na Yustino, mwanafalsafa aliyekuja kuuawa kwa ajili ya imani mjini Roma, alipoieleza ibada ya Jumapili kwa watawala wa Kirumi yapata mwaka 155, alisema kwamba baada ya masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, wenye nacho hutoa kila mtu apendavyo, na kilichokusanywa huwekwa kwa msimamizi wa ibada, naye hukitumia kuwatunza yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tangu mwanzo, basi, sadaka ilikuwa na majina ya watu wanaoisubiri.

Anayetaka kuiona sadaka katika uzuri wake, na ahudhurie ibada katika usharika wa Kilutheri wa kijijini, tuseme kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kisha asiondoke mara baada ya baraka. Watu hutoka kwa wimbo wa mwisho, wakasimama nje ya mlango wakizunguka meza au mkeka ambapo vimewekwa vitu vilivyoletwa na wale waliokosa fedha, au waliopenda kumtolea Mungu katika mazao ya mikono yao: mkungu wa ndizi ambao utomvu wake bado haujakauka, jogoo aliyefungwa miguu kwa ukambaa, mayai katika kikapu chenye majani makavu, maziwa katika chupa, fungu la maharage. Hapo mzee wa kanisa mmoja, mwenye sauti na uchangamfu, huanza mnada. Huliinua yai moja juu kana kwamba ni lulu, akataja bei, akamtazama mtu fulani usoni, akangoja. Elfu moja. Elfu moja na mia tano. Sauti ya kike kutoka nyuma yasema elfu mbili. Bei ya sokoni haina nguvu mahali hapa, kwa kuwa kila aliyesimama pale anajua kwamba mayai yale yametoka kwa bibi mzee aliyetembea nayo toka alfajiri akiogopa yasivunjike, na kwamba lililo mbele yao si biashara. Aghalabu aliyenunua hukirudisha kitu kile mezani kinadiwe tena. Au humpa mchungaji, au mgeni, au yule yule bibi, ambaye hurudi nyumbani na mayai yake hali sadaka yake imekwisha kupokewa.

Nalipenda jambo hili kwa dhati, na naliona kuwa ni katika mambo ambayo Ukristo wa Kiafrika umeupa Ukristo wa ulimwengu. Ndani yake mtoto mdogo aliyesimama akimshika mama yake kanga hujifunza mambo ambayo hakuna katekisimu iwezayo kuyaeleza vizuri zaidi: kwamba asiye na fedha si mtu mtupu, kwamba mali hupata thamani yake kutokana na moyo wa aliyeitoa, na kwamba furaha ya kutoa si lazima iwe ya siri ili iwe safi.

Hata hivyo, sadaka yaweza kuharibika. Pale majina ya watoaji yanaposomwa kwa kufuata ukubwa wa fungu, pale mwenye fedha za dhuluma anapopewa kiti cha mbele, sadaka hugeuka kuwa mlango wa kununulia heshima, na mwenye mshahara mdogo hufundishwa kwamba yeye si kitu. Nchini Kenya jambo hili limekuwa la mjadala mkubwa. Mwezi Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia katika ibada za kanisa lake, na mwezi Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kuzirudisha fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika parokia ya Soweto. Walioona kuwa huo ni utovu wa shukrani walikuwapo. Mimi naona kwamba Kanisa lenye uwezo wa kusema hapana kwa fedha ndilo lenye haki ya kuipokea elfu moja ya mjane.

Kabla ya kuisogelea meza ya Bwana, waumini katika madhehebu mengi hupeana amani. Hugeuka kulia na kushoto, hushikana mikono, hutakiana amani, pengine kwa tabasamu la haraka na macho yakitazama kwingine. Tendo hili limetoka katika agizo la Kristo mwenyewe, kwamba mtu aletaye sadaka madhabahuni akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane naye. Agizo ni zito, nasi tumelifanya jepesi. Yuko mtu ambaye kwa miaka mitatu huketi upande wa pili wa kanisa kwa makusudi, ili mkono wake usikutane na mkono wa shemeji yake waliyegombania kiwanja. Na kila Jumapili huwapa amani watu watano ambao hana ugomvi nao.

Liko kanisa moja katika pwani yetu ambalo sakafu yake yafundisha juu ya jambo hili kuliko mimbari nyingi. Mkunazini, mjini Unguja, ndipo lilipokuwa soko la watumwa, hata likafungwa mwaka 1873 kwa mapatano ya Sultani Barghash na Waingereza. Na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo, ambalo ujenzi wake ulisimamiwa na Edward Steere, askofu na mwanachuoni wa Kiswahili. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru sakafuni, na masimulizi yasema kwamba hapo uliota mti ambao watumwa walifungwa na kupigwa mijeledi ili mnunuzi ajue ni nani mwenye nguvu na bei. Wanaokwenda kupokea Sakramenti Jumapili hupita mbele ya alama ile. Hakuna awezaye kusema kuwa sakafu hiyo imefuta maumivu ya walionunuliwa juu yake; bali imeyatunza, na imeweka juu ya kumbukumbu ya binadamu kuuzwa meza ambayo hapana anayelipishwa. Ingefaa kila mpokeaji ajiulize, mahali popote alipo, kama yuko mtu ambaye yeye humhesabu kwa bei yake tu: mtumishi wa nyumbani asiye na siku ya mapumziko, kibarua anayelipwa nusu, mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini kwa ahadi ya shule akaishia kuosha vyombo.

Lakini sitaki kumfanya msomaji adhani kwamba kuhudhuria ibada kwazaa wema kwa nguvu zake zenyewe. Hapana mtu mwenye insafu awezaye kuandika juu ya Jumapili katika Afrika ya Mashariki akainyamazia Rwanda. Mwaka 1994 nchi ile ilikuwa na sehemu kubwa mno ya watu wake waliobatizwa. Makanisa yake yalijaa. Na ni katika ardhi yake ulikozaliwa ule Uamsho niliousimulia. Mwezi Aprili, mauaji ya kimbari yalipoanza, watu walikimbilia makanisani wakiamini kuwa hakuna atakayewafuata madhabahuni, wakauawa humo humo, Ntarama na Nyamata na kwingineko, na miongoni mwa waliowaua walikuwamo watu waliokuwa wakisali nao Jumapili chache zilizotangulia. Makanisa hayo mawili leo ni makumbusho, na nguo za marehemu zingali zimehifadhiwa ndani yake. Walikuwapo pia Wakristo waliowaficha jirani zao darini na mashambani, wengine wakafa kwa ajili hiyo, na kumbukumbu yao ni tukufu. Lakini onyo labaki, nalo latuhusu sisi sote tusio Wanyarwanda: mtu aweza kuimba kwa miaka thelathini na moyo wake usiguswe juu ya jambo moja tu, yaani nani ni ndugu yake. Ibada iliyomwachia mtu chuki yake, ikaisimamia kabila yake, ikamfundisha kumcha mtawala kuliko Mungu, imekosa kazi yake hata kama kwaya iliimba vizuri. Ndiyo sababu napinga kwa nguvu zangu zote mahubiri ambayo hayamgusi mtu alipo, yanayokemea dhambi za watu wa mbali na kuyasaza masengenyo ya kikabila yanayosemwa uani baada ya ibada.

Maaskofu Katoliki wa kanda yetu, katika umoja wao uitwao AMECEA, walikwisha kuona kwamba Jumapili peke yake haitoshi. Katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 waliazimia kwamba Kanisa lijengwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani familia chache za mtaa mmoja zikutanazo kila juma nyumbani mwa mmoja wao. Leo jumuiya hizi ni sehemu ya maisha ya Mkatoliki wa Tanzania, Kenya na nchi za jirani kiasi kwamba atakaye kumbatiza mtoto au kufunga ndoa huulizwa kwanza anasali jumuiya gani. Wakutanapo, alfajiri ya Jumamosi au jioni siku ya kazi, hukalia mikeka na viti vya kuazima; husoma Injili ya Jumapili; kila mmoja husema neno alilolishika, hata yule asiyejua kusoma; kisha daftari hufunguliwa. Nani hakuonekana? Mama fulani amelazwa. Baba fulani amepoteza kazi, na watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa sare. Hapo mchango mdogo hukusanywa, na watu wawili hutumwa waende. Neno la kitabu limekuwa safari ya miguu ndani ya saa moja, na mtu mwenye haya ambaye kanisani huketi nyuma pasipo kujulikana hawezi tena kupotea, kwa kuwa kiti chake kikiwa kitupu kitaulizwa.

Katika vikundi vya namna hii, na katika kwaya, na katika umoja wa wanawake wa madhehebu yote, watu wengi wamepata makuzi ambayo hawakuyapata shuleni. Mwanamke ambaye kwao hakuketi katika baraza la wazee hata siku moja huchaguliwa kuwa mweka hazina. Hujifunza kutunza stakabadhi, kusoma taarifa mbele ya watu, kustahimili maswali. Kijana wa kwaya, afikaye mazoezini mara mbili au tatu kwa juma baada ya kazi, hufundishwa kuishika sauti yake ya tatu huku sauti ya kwanza ikiimba kando ya sikio lake, asiifuate wala asiizidi. Na kukiwa na msiba husafiri usiku na wenzake katika basi dogo ili wafiwa wasikeshe peke yao. Hayo nayo ni malezi ya roho, ingawa hayatajwi katika vitabu vya tafakuri.

Wapo wasioweza kuja. Jumapili asubuhi, wakati kengele zinapolia, mlinzi wa benki yu langoni, muuguzi yu wodini, dereva yu usukani, na mama anayekaanga maandazi kituoni hana wa kumwachia karai. Watu hawa huhesabiwa na wengine kuwa wamepoa katika imani, na kuwahesabu hivyo ni dhuluma. Kwa karne tatu za mwanzo Jumapili haikuwa siku ya mapumziko. Wakristo, wengi wao watumwa na watu wa kazi, walikutana gizani kabla ya kazi au usiku baada ya kazi, na yule kijana Eutiko wa Troa, ambaye Matendo ya Mitume yasimulia kuwa alisinzia wakati Paulo akihubiri hadi usiku wa manane, akaanguka toka ghorofa ya tatu, hakukemewa kwa usingizi wake. Aliokotwa kama mfu, lakini Paulo alishuka akamkumbatia, akasema kuwa uhai wake ungalimo ndani yake, kisha wakaendelea hata alfajiri. Ni mwaka 321 tu Kaisari Konstantino alipoamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku hiyo, na hata hapo wakulima waliruhusiwa kuendelea na mashamba yao. Tena Yustino, katika maelezo yale yale niliyoyataja, asema kwamba mashemasi waliwapelekea wasiohudhuria sehemu yao ya mkate na divai. Asiyekuwapo alihesabiwa kuwa miongoni mwa waliokuwapo, na palikuwa na mtu mwenye wajibu wa kwenda kwake.

Wajibu huo tumewaachia makatekista na wainjilisti, ambao ni wachache na wamechoka, hali sisi tuliobaki twawahi chakula cha mchana. Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumapili ijayo mchungaji wako au padri wako atakapokwisha kutoa baraka, usielekee nyumbani moja kwa moja. Mkumbuke mtu mmoja wa mtaa wako ambaye hakuweza kufika, mgonjwa au mzee au mtu wa zamu, upite kwake hata kwa robo saa; umweleze somo lilikuwa lipi na wimbo gani uliimbwa, umuulize amelalaje na ana haja gani; na kama una deni lake, uende nalo mkononi.